Mpishi na Sahani: Habari za Fanksheni katika Lugha ya Python

Muhula uliopita chama chetu cha kompyuta kilifanya kosa ambalo wengi wenu mlilisikia, wengine mlilicheka, na mwenzetu mmoja lilimwumiza. Mhariri ameniomba nieleze lilitokeaje. Nimekubali, kwanza kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa langu, na pili kwa kuwa lilitokea mahali palipo pazuri kuliko pote katika lugha za kompyuta, nami nisingependa watu wapachukie kwa ajili yangu.

Habari yenyewe ni hii. Kila Jumatano baada ya chakula cha jioni huwa tuna mashindano ya chemsha bongo, na viranja hupokezana kusahihisha. Kwa kuwa kila juma msahihishaji ni mwingine, hakuna mtu mmoja ajuaye jumla ya pointi za kila mwanafunzi. Mwisho wa majuma kumi mwalimu alituagiza sisi wa chama cha kompyuta tujumlishe na kutoa majina ya wanane wa kwanza, wapate kwenda kushindana katika shule ya jirani. Niliandika programu kwa lugha ya Python, mistari kumi na minne tu, nayo ikatoa majina mara moja. Nikayachapa majina matupu bila pointi, maana wino wa mashine ulikuwa karibu kwisha, nikayabandika ubaoni siku ya Alhamisi. Jumamosi basi likaondoka.

Katika wale wanane alikuwamo kijana aliyekuja kwenye mashindano mara moja tu muhula mzima, akapata pointi 9. Alishangaa kuona jina lake, lakini hakusema neno. Nani akatae safari ya basi? Na katika waliobaki shuleni walikuwamo watatu waliopata pointi mia na zaidi. Mmoja wao ni mvulana wa Senior Two, mpole, ambaye alikuwa akiandika pointi zake mwenyewe nyuma ya daftari lake la Jiografia. Jumapili jioni alinifuata bwenini, daftari mkononi, akaniuliza, "Kaka, nimejumlisha mara tatu napata 104. Nimekosea wapi?" Nilipitia hesabu yake, haikuwa na kosa. Shule yetu ilikuwa imeshindwa siku iliyotangulia, tena kwa maswali ambayo huenda yeye angaliyajibu. Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu ndilo hili, ingawa limechelewa.

Tuanze na fanksheni, ambayo wengine huiita kitendakazi. Fanksheni ni maagizo yaliyopewa jina. Unaandika mara moja jinsi ya kufanya jambo, unalipa jina, na tangu hapo wataja jina tu. Katika Python twaandika hivi:

def maradufu(x):
    return x * 2

Neno def laanzisha maagizo; maradufu ni jina nililolichagua mimi; x ni mahali pa kuwekea kitu ambacho fanksheni itapewa; na return hurudisha jibu. Mistari hii miwili peke yake haihesabu kitu cho chote. Kompyuta imeisoma na kuiweka akilini, basi. Ukitaka ihesabu huna budi kuiita, na kuita maana yake ni kuandika jina na kulifuatisha mabano:

maradufu(21)

Hapo utapata 42.

Sasa angalieni sana jambo dogo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Neno maradufu bila mabano ni kitu kimoja, na maradufu(21) ni kitu kingine kabisa. La kwanza ni fanksheni yenyewe. La pili ni jibu lake, yaani namba 42, wala fanksheni haimo tena ndani yake.

Tuseme kwenu kuna mpishi hodari, na jirani ana arusi. Waweza kumsaidia jirani kwa njia mbili. Njia ya kwanza, wamwambia mpishi apike sasa hivi jikoni kwako, kisha wampelekea jirani sahani ya pilau iliyo tayari. Njia ya pili, wampeleka mpishi mwenyewe. Akifika kule, mwenye arusi ndiye atakayemwambia wageni ni wangapi, mchele ni huu, nyama ni hii, na aanze saa ngapi. Sahani na mpishi vyote vyatoka kwako, lakini havifanani. Sahani ikiliwa imekwisha. Mpishi aweza kupika mara moja, aweza kupika mara mia, tena aweza asipike kabisa ikiwa mvua imeivunja arusi.

Basi maradufu(21) ni sahani, na maradufu ni mpishi. Lugha nyingi za skripti, Python ikiwa mojawapo, zakuruhusu kumpeleka mpishi. Tazameni fanksheni hii:

def tumia(kazi, kitu):
    return kazi(kitu)

Hii ndiyo mwenye arusi. Yapewa vitu viwili: cha kwanza ni mpishi ye yote atakayeletwa, naye kwa muda ataitwa kazi, cha pili ni kitu cha kupikwa. Mabano yako ndani ya mstari wa pili, yaani kule arusini, na hapo ndipo mpishi aitwapo. Sisi tunaompeleka hatuandiki mabano baada ya jina lake:

tumia(maradufu, 50)
tumia(len, "mwalimu")
tumia(abs, -12)

Majibu ni 100, kisha 7, kisha 12. Fanksheni len huhesabu herufi za neno, na abs huondoa alama ya kutoa. Zote mbili zimo katika Python tangu unapoifungua. Mwaona kwamba tumia haijui cho chote juu ya herufi wala juu ya alama ya kutoa. Yajua kuita tu.

Nilipoonyeshwa hili mara ya kwanza niliona ni mchezo wa watoto. Kuna haja gani ya kusema tumia(len, "mwalimu") na hali naweza kusema len("mwalimu")? Na kweli, kwa mfano huu haja hakuna. Faida huonekana pale mwenye arusi anapokuwa na kazi kubwa ambayo sisi hatutaki kuifanya, lakini katikati yake pana jambo moja dogo ambalo yeye hawezi kulijua mpaka tumwambie. Kupanga orodha ni kazi ya namna hiyo.

Python ina fanksheni iitwayo sorted. Hiyo hupanga vitu cho chote kiwacho, na hupanga kwa haraka sana. Tukiipa orodha hii,

maneno = ["ndizi", "nanasi", "embe", "chungwa"]

na kuandika sorted(maneno), tutapata chungwa, embe, nanasi, ndizi, kama yalivyo katika kamusi. Lakini pengine mtu hataki hivyo. Ataka neno fupi litangulie. Je, aandike upya kazi yote ya kupanga kwa ajili ya hilo? La. Kazi ya kupanga ni ile ile. Kilichobadilika ni swali linaloulizwa juu ya kila neno. Basi aiachie sorted kazi yake, ampeleke mpishi wa kujibu swali:

sorted(maneno, key=len)

Key maana yake ufunguo. Sasa sorted itashika kila neno, itamwita len na kumpa neno hilo, itapokea 5, 6, 4 na 7, kisha itapanga maneno kwa kufuata namba hizo: embe, ndizi, nanasi, chungwa. Imemwita len mara nne, mara moja kwa kila neno, wala sisi hatukumwita hata mara moja.

Huo ufunguo haukuwapo tangu mwanzo. Python ilianzwa na Guido van Rossum, Mholanzi, mjini Amsterdam, katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, ikatolewa kwa watu mwaka 1991. (Jina hilo ni la nyoka chatu, lakini yeye hakulitoa porini; alilitoa katika kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza.) Zamani mtu aliyetaka kupanga kwa namna yake alipeleka fanksheni ya kulinganisha, ambayo hupewa vitu viwili na kusema kipi kitangulie. Ufunguo uliingia katika toleo la 2.4, mwaka 2004. Tofauti yake si ndogo. Ukiwa na vitu 1,000, kuvipanga kwaweza kuhitaji ulinganisho upatao karibu 10,000, na kila mara fanksheni yako ingeitwa. Kwa ufunguo huitwa mara 1,000 tu, majibu yakawekwa kando, na ulinganisho ukafanywa juu ya majibu hayo.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Pointi zilikuwa katika faili, kila mstari una jina na jumla. Majina ya wenzetu nayaficha, herufi zatosha:

matokeo = [["A", "98"], ["B", "104"], ["C", "9"], ["D", "87"], ["E", "100"]]

Nami niliandika hivi:

def pointi(m):
    return m[1]

sorted(matokeo, key=pointi, reverse=True)

Python huhesabu nafasi kuanzia sifuri, kwa hiyo m[0] ni jina na m[1] ni pointi. Maneno reverse=True yaagiza kwamba kikubwa kitangulie. Kila kitu chaonekana sawa, na programu haikunung'unika hata kidogo. Ilitoa A, C, D, B, E. Yaani mwenye 98, kisha mwenye 9, kisha mwenye 87, na mkiani wale wenye 104 na 100.

Mwenye macho makali atakuwa amekwisha kuona alama za kunukuu kuzunguka pointi. Kitu cho chote kisomwacho kutoka faili ya namna ile huja kama maandishi. "104" kwa kompyuta si mia moja na nne. Ni herufi tatu, moja na sifuri na nne, kama vile neno "embe" lilivyo herufi nne. Na maandishi hupangwa kama kamusi. Katika kamusi neno "zi" liko nyuma ya "chungwa" ingawa ni fupi, maana herufi ya kwanza ndiyo huamua. Hivyo ndivyo "9" ilivyoishinda "104": tisa ilikutana na moja kwenye herufi ya kwanza, na shauri likaisha pale pale. Kila mwenye mia na zaidi alianza na moja. Kadiri walivyojibu maswali mengi, ndivyo walivyozidi kuzama.

Sorted haikukosa. Ilifanya kazi yake barabara. Mpishi niliyempeleka ndiye aliyejibu swali jingine badala ya lile lililotakiwa. Dawa yake ilikuwa neno moja:

def pointi(m):
    return int(m[1])

Fanksheni int hupewa maandishi na kurudisha namba nzima. Baada ya hapo orodha ikatoka B, E, A, D, C, kama ilivyostahili tangu mwanzo. Neno moja la herufi tatu, na mvulana yule angalikuwa katika basi.

Lakini hata kabla ya kufika hapo usiku ule wa Jumapili nilikosea mara mbili nyingine, na makosa haya nataka kuyaeleza kwa kirefu, kwa kuwa kila mwanachama mpya huyafanya. Mikono ilikuwa ikitetemeka, nikaandika key=pointi() na mabano yake. Nadhani ni mazoea: mtu amefundishwa kwamba fanksheni huandikwa na mabano, basi huyatia kila mahali. Python ikakataa, ikasema kwamba pointi yahitaji kupewa kitu kimoja nayo haikupewa. Nilikasirika, nikasema, "Si sorted ndiyo itakayoipa?" Ni kweli, lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia mpishi apike hapa hapa nyumbani, kabla ya kuondoka, na hapa nyumbani hapakuwa na mchele.

Jaribio la pili nilitaka kupanga orodha ya pointi tupu, nikaandika key=int(). Hili ni baya zaidi, maana int ikiitwa bila kupewa kitu hailalamiki, hurudisha sifuri. Basi sorted ikapokea key=0, ikajaribu kuiita sifuri kama mtu anayeita jina kwenye nyumba tupu, ikaja na ujumbe kwamba namba haiitiki. Nilitazama ujumbe ule kwa dakika nyingi. Sikuwa nimeandika sifuri mahali po pote! Ilikuwa sahani, na ndani ya sahani mlikuwa na sifuri.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu akiandika piga_kengele katika mstari peke yake, bila mabano, kengele hailii, wala Python haisemi neno. Ametaja jina la mpishi barabarani na kuendelea na safari yake. Na akiandika print(piga_kengele) ataona maandishi ya ajabu yenye neno function na namba ndefu ya mahali fanksheni ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Ukiona hayo, jua kwamba umesahau mabano.

Katika JavaScript mambo haya ni chakula cha kila siku. Lugha hiyo ilitungwa na Brendan Eich katika siku kumi za mwezi wa Mei 1995, alipokuwa kampuni ya Netscape, nayo ndiyo iendeshayo kurasa za intaneti katika kila kivinjari. Ukurasa hukaa ukingoja: mtu abonyeze kitufe, habari zifike kutoka mbali, muda upite. Kwa kila tukio ukurasa huachiwa fanksheni, ukaambiwa, likitokea hili mwite huyu. Mathalani:

setTimeout(pigaKengele, 5000)

Yaani ngoja elfu tano za vipande vya sekunde vilivyo elfu kwa sekunde moja, ndizo sekunde tano, kisha mwite pigaKengele. Kijana wetu mmoja aliandika setTimeout(pigaKengele(), 5000). Kengele ikalia papo hapo, na baada ya sekunde tano kivinjari kikanyamaza kimya. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kitu. Aliamini kwamba saa ya kompyuta imeharibika, akataka kwenda kwa mwalimu kudai nyingine.

Tena JavaScript ingenipatia aibu ile ile hata kama ningetumia namba halisi. Ukiandika [9, 87, 104].sort() utarudishiwa 104, 87, 9, kwa kuwa lugha hiyo, isipoambiwa vingine, hugeuza kila kitu kuwa maandishi ndipo ilinganishe. Huna budi kumpeleka mpishi:

[9, 87, 104].sort((a, b) => a - b)

Yeye hupewa vitu viwili, akitoa jibu lililo chini ya sifuri, a hutangulia. Kwa maoni yangu desturi hii ya JavaScript ni mbaya, nami sijapata kuonana na mtu anayeitetea.

Mmeona kwamba fanksheni ile ya mwisho haina jina. Python nayo ina njia yake ya kuandika fanksheni isiyo na jina, kwa neno lambda:

sorted(matokeo, key=lambda m: int(m[1]), reverse=True)

Lambda ni herufi ya Kigiriki. Ilitumiwa na Alonzo Church, mtaalamu wa hesabu wa Princeton huko Marekani, katika miaka ya 1930, alipokuwa akichunguza hesabu ambamo kila kitu ni fanksheni inayopewa fanksheni, kabla ya kuwapo kompyuta za leo. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kuitunga lugha ya LISP katika chuo cha MIT, akalichukua neno hilo. Kutoka kwenye mawazo ya LISP likaingia katika Python toleo la 1.0, mwaka 1994. Mwaka 2005 van Rossum alitaka kulifuta katika toleo lililokuwa likija, lakini wengi hawakukubali, na Python 3 ilipotoka mwaka 2008 lambda ilibaki. Mimi naipenda ikiwa fupi. Ikizidi kiganja kimoja, heri uipe fanksheni jina ili msomaji apate pa kushika.

Lambda yasaidia pia pale mpishi anapotakiwa kwenda na kitu chake mkononi. Tuseme piga(3) hupiga kengele mara tatu, nawe wataka iitwe baadaye. Ukipeleka piga peke yake, atafika asijue ni mara ngapi. Ukipeleka piga(3) umepeleka sahani. Njia ni kupeleka lambda: piga(3), yaani mpishi mpya ambaye kazi yake nzima ni kumwita yule wa kwanza na kumpa tatu.

Hapa pana mtego mmoja ambao uliwahi kutupotezea jioni nzima:

kazi = []
for bweni in ["Mashariki", "Magharibi", "Kusini"]:
    kazi.append(lambda: print(bweni))
for k in kazi:
    k()

Tulitazamia majina matatu. Tukapata Kusini, Kusini, Kusini. Sababu ni kwamba mpishi hakuchukua mbuzi, aliambiwa tu, "Ukiitwa, mchinje mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo." Wapishi watatu waliambiwa hivyo hivyo. Walipoitwa mwishoni, nguzoni palikuwa na mbuzi mmoja tu, yule wa mwisho. Ukiandika lambda b=bweni: print(b), kila mmoja huchukua wake wakati ule ule anapoandikwa, na majina yote matatu hutoka.

Imebaki habari ya yule mvulana wa Senior Two. Tulibandika orodha sahihi ubaoni, safari hii pointi zikiwa kando ya majina, na chini yake nikaandika kwamba kosa ni langu. Safari haikurudi. Yeye alijiunga na chama chetu juma lililofuata, akaomba kuiona ile programu. Aliisoma kimya, kisha akasema, "Kaka, mbona bado si haki?"

Nikamwuliza kwa nini. Akanionyesha wawili waliolingana kwa pointi 100. Python ina desturi kwamba vitu vikilingana kwa ufunguo hubaki katika mfuatano viliokuja nao. Faili yetu ilifuata daftari la mahudhurio, na daftari hufuata alfabeti. Kwa hiyo kila palipotokea sare, mwenye jina linaloanza na A alimtangulia mwenye W, muhula baada ya muhula, bila mtu kukusudia. Na aliyepata 100 kwa majuma manane, akasema, amefanya vizuri kuliko aliyepata 100 kwa majuma kumi. Tulikuwa tumeongeza idadi ya majuma katika nafasi ya tatu ya kila mstari. Akavuta kiti, akafuta fanksheni yangu, akaandika hii:

sorted(matokeo, key=lambda m: (-int(m[1]), int(m[2])))

Fanksheni yake hurudisha vitu viwili pamoja. Python hulinganisha cha kwanza, na vikiwa sare ndipo hulinganisha cha pili. Alama ya kutoa yazifanya pointi nyingi zitangulie, kwa hiyo reverse haihitajiki tena, na majuma machache hutangulia yenyewe. Orodha ya muhula huu ilipangwa kwa mstari huo.